Pini Nne za Namba Thelathini na Moja

Jumatatu, 2 Machi

Naandika nyuma ya fomu za kuhesabia mashuka. Hospitali ilichapisha fomu nyingi kuliko mashuka iliyo nayo, kwa hiyo siibi, nawapunguzia aibu. Muda ninao mchana, pasi kubwa ikiwa inapoa na wifi yangu akiwa amekwenda kula. Wifi ni dada wa mume wangu, na ndiye aliyenitafutia kazi hii ya udobi miaka kumi na miwili iliyopita, jambo ambalo hanikumbushi zaidi ya mara mbili kwa wiki.

Mambo yenyewe ni haya. Mume wangu ni mpaka rangi wa nyumba. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akishindana na baiskeli siku za Jumapili, katika chama cha watu wenye kazi zao za kawaida, akivaa namba thelathini na moja. Hakuwahi kushinda. Mwaka jana aliteleza kwenye kona ya kinu cha unga akavunjika nyonga. Daktari alitia skrubu, akasema mfupa umeunga, sasa tembea. Hatembei. Ngazi hapandi tena, baiskeli hataki kuiona. Tangu Oktoba amelala akitazama ukuta. Ukuta huo aliupaka mwenyewe. Wiki za mwanzo nilidhani anakagua kazi.

Jana Katibu wa chama alikuja mlangoni. Ni mwalimu wa hesabu, na saa ya kupimia muda hukaa shingoni mwake hata anapokuja kutoa pole. Akanieleza sheria ambayo mume wangu hakuwahi kunieleza: kwao namba ni ya nyumba, si ya mtu. Nyumba ikipitisha msimu bila mtu wake yeyote kumaliza hata shindano moja ndani ya muda, namba inarudi chamani, anapewa anayefuata kwenye foleni. Foleni ina watu kumi na mmoja. Msimu una mashindano sita, na la kwanza ni Jumapili hii.

"Sasa nyumba hii haina mtu," akasema, kwa upole kabisa.

"Ina mimi," nikasema.

Nina miaka arobaini na sita. Mara ya mwisho kuwa juu ya baiskeli nilikuwa nimepakiwa.

Jumatano, 4 Machi

Nimeshusha kiti vidole vinne. Mume wangu alikuwa amezungushia utepe mweusi kwenye bomba la kiti, alama ya urefu wake. Spana ilipolia nilijua kwamba kule chumbani anasikia. Nilijiona kama mtu anayefungua barua isiyo yake. Nimezungushia utepe wangu mweupe, chini ya wake.

Ijumaa, 6 Machi

Viatu vyake vina chuma chini, kinachonasa kwenye pedeli. Nimejaza vitambaa kwenye vidole. Kunasa kunanasa vizuri; kunasua ndiko sijakujua. Nimeanguka mara tatu nikiwa nimesimama: ukutani, langoni, na mbele ya jirani, ambaye aliuliza kama nimedondosha kitu.

Jumatatu, 9 Machi

Njia ni moja: kutoka mzani wa malori, ambao Jumapili hufungwa, mpaka kinu cha unga, halafu kurudi. Kilomita arobaini na nane. Ukifika zaidi ya dakika kumi na mbili baada ya mshindi, hukufika. Ukifika kinuni, yaani nusu njia, ukiwa dakika sita nyuma, unatolewa hapo hapo. Nyuma ya mtu wa mwisho hufuata pikapu yenye ufagio wa mpini mrefu. Muda wako ukiisha, dereva anaunyanyua ufagio dirishani, nawe huna lako tena barabarani. Siku za kazi dereva huyo anasambaza mikate. Wote wanamwita Ufagio, naye anaitika.

Tulikuwa watu kama thelathini. Nahodha wa chama ni muuza miwani mwenye meno mazuri, alinipokea kama mgeni wa harusi. "Dada, jisikie nyumbani. Sogea mbele, huku ndiko kuzuri."

Wana ishara moja ambayo ilinipendeza. Anayeongoza akichoka anatikisa kiwiko, na aliye nyuma yake anapita kwenda kuongoza. Niliona ni adabu nzuri: watu wanakaribishana mlangoni. Nahodha alitikisa kiwiko, nikakaribia, nikashukuru. Niliongoza watu thelathini! Kisha nikatikisa changu. Hakuja mtu. Nikadhani nimekitikisa vibaya, nikakitikisa tena kama kuku anayekung'uta bawa. Hakuja mtu.

Kilomita ya saba miguu iliniaga. Kundi lote lilinipita kimya, kisha nikasikia injini nyuma yangu, polepole, kama mtu anayekohoa makusudi ili umwone.

"Panda, mama. Chai iko kwenye chupa."

"Sijachoka."

"Najua hujachoka, mama. Umesimama tu."

Nyumbani nilivulia jezi chumbani makusudi, ili aione. Namba nilikuwa nimeibana kwa pini mbili juu, ikapepea njia nzima kama bendera. Mume wangu aligeuza shingo, akaitazama, akasema, "Nne." Halafu akarudi ukutani.

Pini nne. Ndilo neno lake la kwanza tangu Alhamisi.

Jumanne, 10 Machi

"Wifi, ni kweli ulivaa ile kaptula ya kubana?"

"Nilivaa."

"Mbele za watu?"

"Watu walikuwa mbele, wifi. Mimi nilikuwa nyuma."

Jumatatu, 16 Machi

Mvua. Mashuka mia mbili na sita. Hakuna la kuandika.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Nimefanya mazoezi kabla ya zamu, kwenda mzani na kurudi. Nimegundua kwamba kwenye usukani mkono wa kushoto nao una gia. Wiki mbili nilidhani ni pambo.

Jumatatu, 23 Machi

Shindano la pili. Pini nne, namba haikupepea. Mvua ya kunyesha ubavuni. Nahodha alitikisa kiwiko mara tatu nami nilikwenda mara tatu. "Dada, wewe ni injini!" alinipigia kelele, na nilitabasamu hadi tope likaniingia mdomoni. Kilomita ya kumi na moja, kwisha. Kundi likanipita. Injini ikakohoa.

"Panda, mama. Chai ile ile."

Safari hii nilikunywa. Ufagio huendesha kwa mkono mmoja na kula karanga kwa mwingine. Akasema, bila kuniangalia: "Mzee wako sikuwahi kumpakia. Miaka kumi na tisa. Kuna siku alipata pancha mbili, akafika zimebaki sekunde tano, amekunja uso kama anataka kupigana na tairi."

Nilimchukia kidogo kwa kunisimulia. Nilifika nyumbani nikamtazama mwanaume huyo huyo akiwa na ndevu za wiki tatu, supu ya mchana ikiwa imeganda kando yake na kijiko kikiwa kikavu.

Jumapili, 29 Machi

Nimemkata kucha. Alinipa mkono kama mtu anayekabidhi kifurushi.

Jumatatu, 6 Aprili

La tatu. Kilomita ya kumi na tisa! Nililiona paa la kinu kwa macho yangu, jeupe juu ya miti, na hapo ndipo magoti yakakataa. Nahodha alinishika bega kabla ya kuanza: "Bila wewe dada tungefanyaje?" Niliporudi nikamwambia mume wangu kilomita ngapi. Nikaenda kusimama upande wa ukuta, kati ya kitanda na rangi, ili anione. Akafumba macho.

Mashindano matatu yamebaki. Wifi anasema jezi inanipendeza, kwa sauti ya mtu anayesifu sanda.

Jumanne, 14 Aprili

Ametema vidonge. Nimevikuta chini ya godoro vimepangwa safu, kwa unadhifu wa mpaka rangi. Nimevihesabu: ishirini na viwili.

Jumatatu, 20 Aprili

Naandika haraka, maana nimekasirika na hasira yangu ni ya gharama. Ikipoa siipati tena.

La nne. Kiwiko, mbele, kiwiko, mbele, kilomita ya kumi na sita, nje. Nilipopanda pikapu nilimkuta Mkunga amekaa, amepata pancha. Ni mkunga kweli, wa hospitali yetu, ghorofa ya pili. Mashuka yake ndiyo magumu kuliko yote kufua. Ana miaka hamsini na mbili na huendesha kama mtu anayekwenda kuzalisha. Alinitazama nikifuta tope.

"Unajua wanakuitaje?"

"Injini."

"Hilo ni la usoni. Mgongoni wanakuita Ukuta."

Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikadhani ni sifa ya uimara. "Kwa nini Ukuta?"

"Ukuta si wa kujikinga upepo? Anayekaa nyuma ya mgongo wa mwenzake anatumia nguvu nusu. Ndiyo maana hakuna anayependa kukaa mbele. Wewe kila ukiitwa unakwenda. Wanakunywa upepo wako mpaka uishe, halafu wanakuruka."

"Lakini kiwiko..."

"Kiwiko si salamu, mama. Unaweza kukiona ukakaa kimya."

"Kwetu nilifundishwa ukikaribishwa mbele usikatae. Na kujificha nyuma ya mgongo wa mtu ni tabia mbaya."

Mkunga alicheka mpaka akaona sicheki. Nikamgeukia Ufagio. "Na wewe ulijua?"

"Nilidhani unajua, mama. Nikasema, huyu ana roho ya ajabu."

"Mbona hukuniambia?"

"Mimi nimeajiriwa kufagia." Akala karanga mbili. Kisha akasema, chini kidogo: "Ningekuambia, mama. Ulikuwa unafurahi."

Wiki sita nimekuwa nikiwashukuru watu. Nimewapelekea mpaka sabuni ya hospitali ya kuoshea jezi! Nyumbani nilimuuliza mume wangu, nikiwa mlangoni, tope mpaka kwenye nyusi: "Ulijua kwamba ukikaa nyuma upepo haukupati?"

"Kila mtu anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Basi nyumbani yuko mtu anayetazama ukuta, barabarani wako watu waliojificha nyuma ya ukuta, na kote huko hakuna aliyeuliza ukuta wenyewe unajisikiaje.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 24 Aprili

Mvua. Mashine ya kukaushia imekufa. Nguo za wagonjwa zimening'inia mpaka kwenye ngazi, nasi tunapita katikati yao tukiomba radhi.

Jumatatu, 4 Mei

Jana sitaki kuiandika. Ndiyo maana naanza mapema.

La tano. Niliingia nyuma ya gurudumu la Nahodha nikakaa. Ee bwana! Ni kama kufungua dirisha la pikapu halafu kulifunga. Kelele zote zikaisha. Nikasikia cheni yangu mwenyewe ikizunguka na nikafikiri: kumbe ndivyo walivyokuwa wakiishi hawa.

Nahodha akatikisa kiwiko. Nikatazama mashamba.

"Dada, vipi leo?"

"Leo nimeshiba."

Alicheka, yale meno yote. Akatikisa tena, na tena. Kisha akasema neno kwa aliye ubavuni mwake, sikulisikia, na kwenye mteremko wa kilomita ya kumi na tano wakaanza kusogea kuelekea ukingo wa barabara, yeye mbele yangu, mwenzake ubavuni mwangu. Sisemi alinisukuma. Nasema barabara ilikuwa pana mpaka nilipoihitaji. Gurudumu la mbele liliingia kwenye mtaro, nami nikalifuata.

Ufagio hakusema habari za chai. Alinibeba, akaibeba baiskeli, akaendesha kwa mikono yote miwili.

Niliingia nyumbani nimechunika kuanzia bega mpaka nyonga, kaptula imepasuka. Mume wangu aligeuka. Akanitazama muda mrefu kuliko alivyonitazama mwaka huu mzima. Nikasubiri.

"Baiskeli?" akasema.

Sijawahi kumpigia kelele mgonjwa. Jana nilijifunza. Nilimwambia ngozi yangu imebaki barabarani anaulizia vyuma. Nilimwambia kuhusu vidonge, kwamba nimeviona, kwamba ninajua kuhesabu. Nilimwambia najiua kwa ajili ya namba yake.

"Nani alikutuma?"

"Namba ni ya nyumba! Katibu alikuja..."

"Nilikuomba?" Alikuwa ameinuka kwa kiwiko, sauti yake imekwaruza kama mlango wa stoo. "Mimi nilikuomba uitunze? Kila Jumapili nasikia breki yangu inalia pale langoni, mtu mwingine anatoka nayo. Kila Jumapili naanguka upya. Ungeiacha iende, ningejua imekwisha, nikalala."

"Si ndiyo unalala?"

"Silali. Najilaza."

Akageuka. Nikakaa jikoni na beseni la maji ya uvuguvugu, nikitoa changarawe mkononi kwa kitambaa, moja moja, nikiziweka kwenye kifuniko cha sufuria. Ilikuwa saa saba mchana, jua limetoka, majirani wanaanika. Nimekuwa nikimwokoa mtu kwenye maji ambayo hayumo. Maji aliyomo siyajui yalipo, na kuogelea sijui.

Alhamisi, 7 Mei

Wifi alinikuta nikishindwa kuinua kikapu. Akakichukua.

"Acha basi, wifi. Limebaki moja. Hata yeye hataki."

"Nikiacha nitalala kwenye kitanda kile kile, upande wa pili. Nyumba itakuwa na watu wawili wanaotazama ukuta, na sisi tuna ukuta mmoja tu mzuri."

Nilitegemea anijibu kwa kejeli. Alikunja shuka lililokuwa limeshakunjwa. "Unajua kwa nini siji kumwona tangu Januari? Unadhani ni majivuno." Nilidhani hivyo kabisa, nimeshaiandika humu mara mbili kisha nikaikata. "Naogopa, wifi. Ana uso wa baba, zile siku zake za mwisho. Baba naye alianza hivyo hivyo, kwa kugeukia upande."

Tukakunja mashuka sitini.

Jumatano, 13 Mei

Fundi baiskeli ameunyoosha usukani kwa teke moja. Mkono wangu ungenyooshwa hivyo ningemlipa mara mbili.

Ijumaa, 15 Mei

Mvua. Amekula nusu kipande cha mkate. Nusu nyingine ameigeuza upande wa pili, ionekane nzima.

Jumatatu, 18 Mei

Wifi amesema leo hatakwenda kula, atafanya pasi zote, mimi niandike. Sikujua kwamba anajua naandika.

Asubuhi ya jana nilibana pini nne mbele ya kioo cha chumbani. Mume wangu alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kama mtu anayejifanya amelala. Nikasema, "Nakwenda kuirudisha namba nyumbani. Ikinishinda leo, ndiyo imekwisha, utalala." Nikaishika ile breki makusudi isilie langoni.

Mzani ulikuwa umejaa madimbwi. Nahodha alikuja na pole zake, akauliza mkono. Nikamwambia unaendelea. Mkunga akanivuta kando. "Gurudumu langu ndilo lako leo. Usitazame kiwiko cha mtu, hata changu."

Basi kwa saa nzima dunia yangu ilikuwa mgongo wa Mkunga: jezi ya bluu, tundu dogo chini ya bega la kushoto, uzi mmoja unaocheza. Naujua uzi ule kuliko uso wa mama yangu. Kundi lilitutoka, lakini halikutukimbia. Lilikuwa pale mbele, likionekana na kupotea. Kinuni mtu wa Katibu akapiga kelele: "Dakika tatu na nusu!" Tatu na nusu! Nikaizunguka ile kona kwa mara ya kwanza maishani. Miezi saba nimeiota kona hiyo. Ni kona tu. Ina kibao cha kuuza pumba.

Kurudi, upepo ulikuwa umetungoja. Kilomita ya thelathini na tano, kati ya gurudumu lake na langu kukaingia nafasi ya kiganja. Kisha mkono. Kisha mita. Mkunga akageuka, akaacha kukanyaga. Naye ana nyumba, ana namba, msimu huu naye amemaliza mara sifuri.

"Nenda!" nikamwambia. Hakwenda. "Nenda, mama, una mashuka yangu ya kuchafua!"

Akaenda.

Nikabaki mimi na ile injini nyuma. Nilingoja ikohoe, nilingoja chai. Kilomita moja, mbili. Kisha nikasikia:

"Gia."

Nikadhani ni uchovu.

"Gia kubwa hiyo. Punguza. Mkono wa kulia, mara mbili."

Nikapunguza mara mbili, miguu ikapata pumzi, ndipo nikageuka. Kwenye kiti cha pikapu, kando ya dereva, alikaa mume wangu. Shati la kulalia, juu yake koti la kampuni ya mikate, ndevu zote, na katikati ya magoti amesimamisha ule ufagio.

"Mkono wangu umeteguka, mama," Ufagio akasema, akinionyesha bandeji. "Nikapita kwenu kuomba mtu wa kunishikia. Kazi ya kukaa tu." Mkono wenye bandeji ndio uliokuwa unageuza usukani, bila maumivu yoyote.

"Tazama mbele," akasema mume wangu. "Kichwa chini. Viwiko ndani, unabeba ndoo?"

Nililia kidogo, lakini mvua ilirudi wakati huo huo, kwa adabu.

Simu ya Ufagio ikalia. Alikuwa Katibu, kutoka mzani: mshindi amefika. Dakika kumi na mbili zikaanza kukatika, na mbele yangu kulikuwa na kilomita tano na upepo wote wa wilaya. Mume wangu hakuniambia nimebakiza ngapi. Aliniambia tu kukanyaga. Sauti yake ilikuwa inapotea, anakohoa, anarudi. "Usisimame. Kaa. Zungusha. Usipigane nayo, zungusha." Miezi saba nilikuwa nimeomba sauti hiyo iseme lolote, hata tusi. Ikasema zungusha. Nikazungusha.

Nikaliona paa la mzani. Nikamwona Katibu mwenyewe, mwavuli mkononi, saa shingoni. Nyuma yangu Ufagio akasema, taratibu:

"Mzee. Muda."

Injini tu.

"Mzee, muda umekwisha."

Pale mstarini hakuna ambaye angejua. Mvua ilikuwa nzito, saa ya Ufagio ni saa ya Ufagio, na ufagio ukinyanyuliwa baada ya sekunde arobaini nani ataapa? Niliomba. Sikumwomba Mungu, nilimwomba yeye, kwa mgongo, kwa zile pini nne. Usiunyanyue. Jifanye umesinzia. Umejifanya umelala tangu Oktoba, jifanye mara moja zaidi.

Nikasikia mpini ukigonga fremu ya dirisha.

Nikachungulia chini ya kwapa. Ufagio ulikuwa juu, wima kabisa, mkono umenyooka mpaka kwenye bega, mkono uliopaka dari za mji mzima. Hakuushusha.

Sheria inasema usimame. Sikusimama. Nilikwenda hivyo mpaka mstarini, pikapu nyuma yangu na ufagio juu, kama maandamano ya watu wawili na nusu.

"Dakika kumi na mbili na sekunde thelathini na nane," akasema Katibu. Nilimwona akitamani kuwa mwalimu wa somo jingine.

"Pole sana, dada," akasema Nahodha.

"Ahsante," nikasema. Nilimtazama, nikaona ni mtu tu mwenye meno.

Mkunga alikuwa amekaa kwenye dimbwi, miguu imenyooshwa. Alifika zimebaki dakika mbili. Hakusherehekea.

Katibu akanyoosha mkono kwa ajili ya namba. Mlango wa pikapu ukafunguka. Mume wangu alishuka mguu mmoja, akangoja, akashusha wa pili, akaugeuza ule ufagio kuwa mkongojo. Hatua tisa. Nilizihesabu. Watu wakasogea. Mmoja akasema, "Karibu, mzee, ulipotea." Yeye akaja nyuma yangu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Pini ya kwanza ilimchukua muda mpaka Katibu akatazama pembeni. Alizichomoa moja moja akiziweka midomoni, kama mafundi wanavyoshika misumari. Akaikunja namba mara mbili, akampa Katibu.

Katibu alikuwa bado amekunjua kiganja.

"Namba ni yenu," akasema mume wangu, pini zikiwa kwenye meno. "Pini ni zetu."

Kwenye pikapu tulikaa watatu, baiskeli nyuma. Nikamwambia, "Ungeweza kuchelewa kidogo."

"Ningeweza."

"Sasa?"

Alifikiri mpaka tukalipita daraja. "Tungeitazama namba kila siku, tukijua," akasema.

Ufagio akatoa karanga. Hakuna aliyechukua.

Jumanne, 19 Mei

Mvua. Mashuka mia mbili na kumi na nne. Asubuhi hakuinuka kitandani. Uji nimeurudisha jikoni kama ulivyokwenda. Nilipokuwa navaa viatu aliniuliza pini nimeziweka wapi. Nikamwambia ziko kwenye kile kikombe kisicho na mkono.

"Haya," akasema, akageukia ukuta.